Kukijua Kitu na Kukitaja Jina: Funzo la Majani na Chavua za Kinamasini

Wahenga walinena kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Methali hii aghalabu hutumiwa kumwonya mtu asimwage siri wala asimtukane mwenziwe. Lakini ndani yake mna onyo jingine lisilotajwa mara nyingi, nalo ni onyo kwa mtu anayekipa kitu jina kabla hajakijua. Dole lililojikwaa huuma siku mbili tatu, kisha likapona. Jina la uongo lililotamkwa na mtu anayeaminiwa huingia vichwani mwa watu, huandikwa madaftarini, hurithishwa watoto, na huenda lisipone kamwe.

Katika makala hii nakusudia kulizungumza swali moja la zamani: ni wakati gani mtu anayo haki ya kusema, "Kitu hiki nakijua"? Wanafalsafa wa mataifa mengi wamelijadili swali hili, na mara nyingi wamelijadili kwa mifano ya meza na viti. Mimi nimependa kulijadili kwa mfano wa majani ya kinamasini na chavua zake, kwa sababu mbili. Kwanza, nchi zetu za Afrika Mashariki ni nchi za mabonde yenye maji. Malagarasi, Kilombero, Rufiji na kingo za Ziwa Viktoria ni mahali ambapo watu wetu wamevua, wamelima, wamekata mafunjo na kusuka mikeka tangu enzi ambazo hakuna aliyeziandika. Pili, katika kazi ya kuitambua mimea hiyo kwa vijisehemu visivyoonekana kwa macho matupu, swali letu huulizwa kila siku, na kila siku mtu hana budi kulijibu, ama kwa kuandika jina, ama kwa kujizuia asiliandike.

Kosa la Mwalimu

Miaka mingi iliyopita nilikuwa nikifundisha sayansi katika shule moja ya sekondari iliyokuwa karibu na kinamasi. Siku moja wanafunzi waliniletea kipande cha jani refu, wakaniuliza ni jani la mmea gani. Nilikitazama kwa nukta chache, nikajibu kwa sauti ya mwalimu: "Hili ni jani la matete." Wanafunzi wakaandika.

Jioni yake nilipita njiani na kile kipande mkononi, nikakutana na bibi mmoja aliyekuwa akisuka mkeka mbele ya nyumba yake. Nilimwamkia, akanijibu, akaliona lile jani. Aliniuliza nilipolipata. Nikamwambia kwamba wanafunzi wangu wameleta jani la matete. Alilipokea, akalipapasa kati ya vidole viwili, kisha akalivunja.

"Mwalimu mwanangu," akasema, "matete yangekwisha kukukata vidole. Jani lake ni jembamba na kavu. Hili ni nene, na tazama ndani lina vyumba vya hewa kama sega. Hili ndilo tusukialo. Matete twajengea uzio."

Nilirudi shuleni nikiwa na haya. Usiku ule nilipaka rangi ya kucha isiyo na rangi juu ya jani, nikaiacha ikauke, nikaibandua kwa utepe wa gundi, nikaiweka juu ya kioo chini ya hadubini ya shule. Kisha nikafanya vivyo hivyo kwa jani la matete halisi nililolikata mwenyewe ukingoni mwa maji. Picha mbili zile hazikufanana hata kidogo. Bibi alikuwa amesema kweli. Lile lilikuwa jani la mmea ambao wataalamu huuita Typha, wenye kichwa cha kahawia mfano wa mchi mwembamba.

Kesho yake niliwaambia wanafunzi wafute neno walilolindika jana. Lakini swali halikufutika moyoni mwangu. Haya yangu haikutokana na kutojua, maana kutojua si dhambi. Ilitokana na sauti yangu. Nilikuwa nimesema kwa sauti ya yakini juu ya jambo ambalo sikuwa na ushahidi wake, na wanafunzi arubaini waliamini kwa sababu ya sauti, si kwa sababu ya ushahidi.

Ushahidi wa Jani

Hebu tutazame ushahidi wenyewe ni wa namna gani. Jani la mmea, likitazamwa kwa hadubini inayokuza mara 100 hadi 400, si bapa la kijani tena. Ngozi yake yaonekana imejengwa kwa seli zilizopangwa kama matofali, na kati ya seli hizo mna vitundu vya kupitishia hewa na mvuke, ambavyo wanabiolojia huviita stomata. Kila kitundu kinalindwa na seli mbili. Katika jamii kubwa ya nyasi, ambamo matete yamo, seli hizo mbili zina umbo la mfupa wa paja: nene ncha zote mbili, nyembamba katikati. Katika mimea mingi mingine seli hizo hufanana na figo au punje za maharagwe.

Tena nyasi hufyonza kutoka ardhini silika, yaani madini yale yale ya mchanga na kioo, na kuijenga ndani ya seli zake mpaka ikawa vijiwe vidogo sana vyenye maumbo maalumu. Vijiwe vya matete hufanana na tandiko la punda. Vya nyasi za jamii ya mtama na mahindi aghalabu vimebinywa katikati mfano wa nambari nane. Jamii ya mafunjo na ndago ina vijiwe vyenye umbo la pia iliyokaa juu ya kitako chake. Jani likioza, vijiwe hivi haviozi. Hubaki udongoni maelfu ya miaka.

Yungiyungi naye ana alama zake. Kwa kuwa jani lake hulala juu ya maji, stomata zake ziko upande wa juu unaoelekea hewani, wala si upande wa chini kama ilivyo desturi ya miti mingi. Ndani ya jani hilo mna seli ngumu zenye matawi mfano wa nyota. Gugumaji, lililotoka Amerika ya Kusini na kuenea katika Ziwa Viktoria tangu mwisho wa miaka ya 1980, lina ndani ya majani yake fuwele nyembamba zilizofungwa pamoja kama matita ya sindano.

Kwa nini mtu ahangaike na vitu vidogo namna hii, ilhali anaweza kwenda bondeni akautazama mmea mzima? Jibu ni kwamba mmea mzima haupatikani daima. Jani huliwa na mnyama likabaki vipande ndani ya kinyesi chake. Mkeka wa kale hufukuliwa ukiwa umekwisha kuwa vumbi. Na jambo lenye uzito kuliko yote, dawa ya miti shamba husagwa ikawa unga. Unga huo hauna tena umbo la jani, wala ua, wala gome. Muuzaji ataja jina, na mnunuzi hana njia ya kumhakikisha. Hapo ndipo hadubini inapoweza kusema, kwa kuwa hata kipande cha jani kidogo kuliko chembe ya chumvi bado kina stomata zake, vinyweleo vyake na fuwele zake. Tangu mwaka 1974, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanzisha kitengo cha utafiti wa dawa za asili pale Muhimbili, jambo hili limekuwa sehemu ya wajibu wa taifa kwa wananchi wake. Mgonjwa ameza unga kwa kuliamini jina. Jina likiwa la uongo, imani yake ndiyo itakayomdhuru.

Twaona basi kwamba kutaja jina si kazi ya ulimi tu. Ni ahadi. Mtu anayesema "huu ni mmea fulani" anamwahidi msikilizaji kwamba yale yote yajulikanayo juu ya mmea huo yatapatikana humu: utamu wake au uchungu wake, dawa yake au sumu yake.

Ushahidi wa Chavua

Tuache jani sasa, tutazame chavua, ule unga ambao sehemu ya kiume ya ua humwaga ili kuzalisha mbegu. Punje moja ya chavua ya nyasi za mwituni aghalabu ina upana wa mikroni 20 hadi 50, na mikroni 1,000 ndizo zifanyazo milimita moja. Lakini udogo huo usitudanganye. Ukuta wa punje hiyo umejengwa kwa kitu kiitwacho sporopolenini, mojawapo ya vitu vigumu kuoza kuliko vyote vinavyotengenezwa na viumbe hai. Maabarani tope la kinamasi huoshwa kwa tindikali kali zinazoteketeza takribani kila kitu kingine, na chavua hubaki.

Kila jamii ya mimea ina chavua ya sura yake. Ya nyasi ni ya mviringo, laini, yenye tundu moja lililozungukwa na pete. Ya mafunjo na ndago ina umbo la parachichi na ukuta mwembamba. Katika jamii hii chembe nne huanza pamoja, tatu hufa, na moja ndiyo huendelea mpaka ikawa punje kamili. Ya Typha ina ukuta uliochorwa kama wavu. Katika aina moja, iitwayo Typha latifolia, punje husafiri nne nne zikiwa zimeshikamana, na katika aina ya Typha domingensis, iliyoenea sana katika nchi za joto, husafiri moja moja. Ya yungiyungi ina mfuo unaoizunguka mfano wa mshipi.

Kinamasi ni ghala la chavua. Upepo huipeperusha, maji huipokea, tope huifunika, na kwa kuwa chini ya tope hamna hewa ya kutosha, kuoza husimama. Mwaka baada ya mwaka tabaka hulala juu ya tabaka. Mtu akishindilia bomba refu ndani ya tope hilo na kulitoa, amepata kitabu ambacho ukurasa wake wa chini ndio wa kale zaidi. Mwanajiolojia wa Uswidi, Lennart von Post, ndiye aliyeonyesha hadharani mwaka 1916 jinsi ya kukisoma kitabu hicho kwa kuzihesabu punje tabaka kwa tabaka.

Katika nchi zetu kitabu hicho kimekwisha kufunguliwa mahali pengi. Mwaka 1969 Robert Kendall alichapisha hesabu ya chavua za tope la ghuba moja ya Ziwa Viktoria upande wa Uganda, akaonyesha kwamba pwani ambazo baadaye zilivikwa misitu zilikuwa nchi ya nyasi miaka zaidi ya 12,000 iliyopita, wakati ziwa lenyewe lilipokuwa limepungua mno. Huko Burundi, katika kinamasi cha Kashiru kilichoko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, Raymonde Bonnefille na wenzake walisoma historia ya miaka 40,000. Mwaka 1990 walitoa hukumu yao kwamba wakati wa baridi kuu ya kale nchi ile ilikuwa na ubaridi wa nyuzi 4 kuliko sasa, wakaongeza kwamba hukumu hiyo yaweza kukosea kwa nyuzi 2 juu au chini.

Namwomba msomaji asilipite haraka jambo hilo la mwisho. Watu hawa walitumia miaka wakihesabu punje moja moja, na bado hawakuona aibu kuandika kipimo cha kosa lao kando ya jibu lao. Yule mwalimu wa lile jani la matete hakuandika kipimo chochote.

Mahali pa Kusimama

Hapa ndipo tufikapo kwenye kiini cha maadili ya fani hii. Hadubini ina mipaka yake. Chavua ya nyasi huonyesha wazi kwamba ni ya nyasi, lakini kwa hadubini ya kawaida ni vigumu mno kusema ni nyasi gani. Chavua ya mafunjo haitengwi kwa urahisi na ya ndago zake. Kwa hiyo mtafiti mwaminifu, hata akiwa amesimama katikati ya mafunjo yaliyomzidi kimo, anapoandika matokeo yake huandika "jamii ya mafunjo na ndago" akakoma. Hasemi zaidi ya alichokiona. Si kwamba hana dhana. Anayo, tena huenda ni sahihi. Lakini anajua tofauti ya dhana na ushahidi, naye ameamua kutokopa heshima ya ushahidi ili kuipamba dhana yake.

Kukoma huku ni tendo la maadili, tena ni gumu. Kila mwanadamu hupenda kuonekana anajua. Mwalimu mbele ya darasa, mganga mbele ya mgonjwa, hakimu mbele ya mashahidi, mzee mbele ya baraza, wote hushawishika kutaja jina dogo na kamili pale ambapo ushahidi unaruhusu jina kubwa na la jumla tu. Anayesema "mtu mmoja ameiba" amesema analolijua. Anayesema "fulani ameiba" kwa kuwa tu fulani alionekana njiani, amefanya kama nilivyofanya mimi na lile jani, isipokuwa safari hii aliyepewa jina la uongo si mmea bali ni mtu.

Kuna wenye kusema kwamba tahadhari ya namna hii ni woga, na kwamba taifa changa lataka watu wa kuthubutu. Nakubali kwamba woga si fadhila. Lakini mtafiti wetu hakunyamaza. Amesema kwa nguvu zote kila alichokuwa na haki ya kukisema: kwamba hii ni chavua, kwamba ni ya jamii hii wala si ile, kwamba imelala katika tabaka hili. Mwoga huficha anachokijua, na mjivuni hutangaza asichokijua. Mtafiti huyu hayumo katika hao wawili.

Ukimya wa Tope

Kuna mtego mwingine uliofichika zaidi, nao wagusa historia yetu wenyewe. Chavua ya mahindi ni kubwa kuliko ya nyasi nyingi za mwituni, kwa hiyo yatambulikana vizuri ndani ya tope. Mahindi yalitoka bara la Amerika baada ya mwaka 1492. Basi ikionekana chavua yake katika tabaka fulani, twajua kwamba tabaka hilo si la kabla ya wakati huo, na twajua kwamba wakulima walikuwako karibu.

Lakini vipi mtama na ulezi? Haya ni mazao ya Afrika, nayo yalilimwa huku kabla mahindi hayajasikika. Chavua zake haziwezi kutengwa kwa yakini na zile za nyasi za mwituni. Migomba nayo, ambayo imelisha mataifa mazima ya nchi za maziwa, haina msaada katika jambo hili, kwa sababu mgomba wa kupandwa huzalishwa kwa vichipukizi na takribani hauachi chavua. Matokeo yake ni nini? Msomaji asiye mwangalifu aliangaliapo tope huona nyasi, nyasi, nyasi, kisha ghafla mahindi. Naye huenda akasema kwamba kabla ya mahindi nchi hii ilikuwa pori tupu lisilo na mkulima. Amesema uongo mkubwa kwa kutumia ushahidi wa kweli.

Kosa lake ni kudhani kwamba shahidi aliyenyamaza amekana. Tope halikusema kwamba mababu hawakulima. Lilinyamaza tu, kwa kuwa swali liliulizwa kwa lugha ambayo mtama na ulezi haviwezi kuijibu. Watu wa Afrika wameumizwa mara nyingi na hukumu za namna hii. Iliwahi kusemwa kwamba hatuna historia kwa sababu hatukuwa na vitabu, kana kwamba historia haina pengine pa kukaa ila kitabuni.

Hata hivyo, tusiponye kosa moja kwa kosa la pili. Mgomba hauachi chavua, lakini jani lake lina vijiwe vya silika vyenye umbo la mlima wa volkano wenye shimo kileleni. Mwaka 2006 Julius Lejju, Peter Robertshaw na David Taylor waliandika juu ya vijiwe vya namna hiyo vilivyotoka katika tope la Munsa, nchini Uganda, ambavyo tabaka lake lilionekana kuwa la zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Ikiwa ni kweli, ndizi zilifika kwetu zamani mno kuliko ilivyodhaniwa. Habari ya namna hii humpendeza kila mpenda nchi. Lakini watafiti hao waliweka alama ya kuuliza katika kichwa cha makala yao, na wataalamu wengine baadaye waliutilia shaka umri wa tabaka lile na kukumbusha kwamba mgomba mwitu wa Afrika una vijiwe vinavyokaribiana na vya mgomba wa kupandwa.

Hapo mpenda nchi afanye nini? Jibu langu ni kwamba aiheshimu ile alama ya kuuliza. Heshima ya mababu zetu haihitaji ushahidi wa kuazima. Waliolima mtama katika nchi ngumu na kuhifadhi mbegu zake kizazi hata kizazi hawaongezewi chochote na jambo lisilothibitishwa, wala hawapunguziwi chochote na ukimya wa tope. Anayewatetea kwa hoja dhaifu anawapa wapinzani wao nafasi ya kuidharau hata hoja yenye nguvu.

Nani Aliifunza Hadubini?

Limebaki swali la yule bibi. Huenda msomaji ameelewa kwamba hadubini ndiyo iliyotoa hukumu ya mwisho, na kwamba maneno ya bibi yalikuwa maoni tu mpaka kioo kilipoyathibitisha. Wanafunzi wengi hufikiri hivyo, na baadhi ya walimu pia. Fikira hiyo si sahihi.

Tazama jinsi hadubini inavyotumika. Punje ya chavua haikuandikwa jina. Mtafiti huitambua kwa kuilinganisha na punje nyingine iliyomo katika mkusanyo wake, ambayo jina lake lajulikana. Nayo ilijulikanaje? Ilichukuliwa kutoka katika ua la mmea mzima, ambao mtu fulani aliuchuma kwa mkono wake, akaukausha kati ya karatasi na kuupa jina akiutazama kwa macho yake. Mikusanyo ya mimea iliyokaushwa, kama ile ambayo mizizi yake ilianzia Amani, Usambara, mwaka 1902, ndiyo iliyo chini ya elimu hii yote. Kitabu kikubwa cha mimea ya nchi za tropiki za Afrika Mashariki kilianza kutolewa mwaka 1952 na kumalizika mwaka 2012, kikiwa na aina zaidi ya 12,000. Kazi ya miaka 60! Na katika vibandiko vingi vya mimea hiyo liliandikwa jina ambalo wenyeji waliita mmea, pamoja na matumizi yake, kama walivyosimulia wakulima, waganga na wachungaji ambao mara nyingi majina yao wenyewe hayakuandikwa.

Kwa hiyo hadubini haikuwa na la kusema mpaka mtu aliyeujua mmea mzima alipoifundisha. Usiku ule shuleni nisingeweza kuhukumu kwa picha moja. Ilinibidi nikate jani la matete halisi, nami niliyatambua matete kwa vifundo vyake na makali yake, yaani kwa elimu ile ile ya bibi. Vidole vyake na kioo changu havikuwa mpinzani na hakimu, bali mashahidi wawili wa jambo moja, kila mmoja akiona ambapo mwenziwe haoni. Bibi hawezi kuutambua mmea uliokufa miaka 10,000 iliyopita. Hadubini haiwezi kujua ni mwezi gani jani lafaa kukatwa ili mkeka usivunjike.

Kutokana na hayo kuna deni ambalo lazima lilipwe. Vinamasi vinakaushwa ili vilimwe, vijana wanahama, na watu wenye elimu ya mmea mzima wanapungua. Jina la mmea katika lugha za makabila yetu likipotea, halipotei neno tu. Yapotea maelezo ya mahali unapoota, namna unavyotofautiana na nduguye, na kazi inayofanywa nao. Kiswahili chetu kimejitahidi. Kimeyapokea maneno kama hadubini, chavua na seli, na mwaka 1990 TUKI ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Lakini darasani kwangu siku ile tulikuwa na neno moja tu, "matete", kwa mimea ambayo lugha ya bibi iliitenga. Lugha ya taifa haipungukiwi kwa kujifunza kutoka kwa dada zake. Inakua.

Hitimisho

Tulianza kwa kuuliza ni wakati gani mtu anayo haki ya kusema, "Nakijua." Sasa twaweza kujibu kwa kadiri ya uwezo wetu. Anayo haki hiyo anapoweza kuonyesha alichokiona, anapojua mahali ushahidi wake unapokoma na kukoma hapo, asipokuchukua kunyamaza kwa shahidi kuwa ni kukana, na anapomkumbuka aliyemfundisha.

Nawashauri walimu wenzangu wafanye zoezi hili, maana halihitaji gharama kubwa. Wachukue wanafunzi wao mpaka kwenye kinamasi kilicho karibu, wawakutanishe na mtu akatae, asukae au avuae huko, wayaandike majina na maelezo yake pamoja na jina lake mwenyewe iwapo ataridhia. Kisha warudi darasani, wabandue ngozi za majani yale yale na kuzichora kama zionekanavyo chini ya kioo. Pale ambapo mwanafunzi hana yakini, afundishwe kuandika "sijui bado", na mwalimu asimpunguzie alama kwa kuandika hivyo.

Wanafunzi wangu wa siku ile sasa ni watu wazima. Sijui ni wangapi kati yao wanaokumbuka umbo la stomata za nyasi. Lakini mmoja wao, ambaye siku hizi naye ni mwalimu, aliniambia kwamba alichokikumbuka ni kumwona mwalimu akisimama ubaoni asubuhi na kulifuta jina aliloliandika yeye mwenyewe.